Sauti Iliyo Nyuma ya Akogo

Kijiwe chetu kiko Malaba, kando ya foleni ya trela zinazoelekea Uganda: benchi moja la mbao, jiko la kahawa la Mama Sylvia, na kibanda cha Collins, ambaye kazi yake ni kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Hapo tumezoea kuongea kwa sauti ya kushinda injini. Siku hiyo Mzee Otukei alikaa pembeni, kofia magotini, akampa Collins flashi. Ndani yake mzee anapiga akogo, kile kinanda cha vyuma kinachochezwa kwa vidole gumba, na nyuma yake mkewe Among anaimba polepole huku akipeta wimbi kwenye ungo. Mtu wa redio aliwarekodi nyumbani kwao Amagoro. Among tulimzika mwezi wa nne. Mzee alitaka kuubeba wimbo huo kwenye kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, na kabambe imeukataa.

— Faili ni nzito, mzee, alisema Collins. Wacha niipunguze. Itabaki kama sehemu moja ya kumi.

Habari ya uzito ilimwamsha Alinga, tunayemwita Tani Kumi kwa miaka aliyopakua mizigo hapo mpakani.

— Punguza tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— Hiyo methali haiingii hapo, Tani, alisema Mama Sylvia akimimina.

Hesbon hushughulika na karatasi za forodha, kwa hivyo jina lake ni Manifesti. Alitueleza kwamba kupunguza wimbo ni kama kukandamiza robota la mitumba: nguo ni zile zile, hewa tu ndiyo imetoka. Tani Kumi akabisha. Shati la robota hutoka na makunyanzi, na ndiyo sababu waimbaji wa siku hizi wana sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Manifesti akasema vipande vinavyotolewa havipotei, kuna watu ng'ambo wanaviokota, wanaviunga, wanatuuzia tena kama nyimbo mpya. Tani Kumi hakukubali kushindwa. Kwake yeye, vipande vyote viko hapa hapa hewani, na ndivyo mbwa wa mpakani wanavyovibwekea wakati hakuna mtu anayepita.

Tulicheka. Mzee hakucheka.

— Inatoa nini hasa? alimuuliza Collins.

— Ile huwezi kusikia, mzee. Sauti ndogo ikiwa imejificha nyuma ya kubwa, mashini inaitupa. Sikio haliwezi kujua.

— Sikio la nani?

Collins akaondoa mkono kwenye laptopu. Hata Tani Kumi alielewa ni nani aliyekuwa nyuma ya akogo.

— Labda isiitupe yote, Collins alisema. Na flashi nakurudishia vile ilivyo.

— Nitaisikilizia wapi?

Manifesti alianza habari ya spika za bei nafuu kule ng'ambo ya mpaka, akaiacha katikati.

Dereva mmoja alikuwa ameshuka kunywa kahawa, trela yake ikinguruma mbele yetu. Hatukumjua. Alikuwa amesimama tu na kikombe, akitusikiliza tangu mzee alipotoa flashi.

— Samahani, mzee wangu, alisema. Mama wa kwenye flashi alikuwa anaimba wimbo gani?

Tulimgeukia Otukei. Yeye akaizungusha kofia magotini, akaizungusha tena.

— Sijui, alisema. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasikiliza akogo.

Mama Sylvia aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha mzee. Yalitoka matone, kisha hakuna. Dereva akaweka kikombe chake kwenye benchi kikiwa bado nusu, akaenda, akapanda trela, akazima injini. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alipiga honi mara moja, akachoka.

Collins aliifungua ile faili kubwa, bila kuipunguza. Akogo ikaanza. Mzee akainama mpaka sikio likagusa laptopu, akainua mkono mmoja kutunyamazisha, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anasema.