Dakika Mbili za Masunga Mayala

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, wakwe zetu na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi Kasmiri, mdogo wake, niwasomee maisha ya Masunga Mayala kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu moja ambayo mwenyewe aliagiza isirukwe.

Masunga alizaliwa tarehe 12 Juni 1968 katika kijiji cha Zagayu, Itilima, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayala, na kama watoto wengi wa wakulima wa pamba alichunga kwanza ndipo akaingia darasani, akasoma shule ya msingi hapo hapo Zagayu kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akaenda Mwanza kujifunza ufundi wa magari, akarudi mwaka 1987 na cheti kimoja na suruali mbili, zote zimeloa oili. Mwaka uliofuata alifungua gereji yake hapa Bariadi mjini, na tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Lucy, dada wa rafiki yake Marcelo, wakajaliwa watoto watatu, Elia, Gloria na Nancy.

Marcelo alikuwa dereva wa mbio za magari, naye Masunga akawa msomaji wake, yule anayeketi kushoto na daftari akimtangazia dereva kona iliyo mbele, na nyumba nzima ikaambukizwa lugha hiyo, hata mtoto aliyeacha ugali sahanini aliandikiwa DNF kwenye kalenda ya ukutani, kifupisho cha waamuzi kwa gari lisilomaliza mbio, Nancy akiongoza kwa kuandikiwa. Zilikuwa siku tamu jamani, gari likipita Shishiyu kina mama waliacha kuchuma pamba wakapunga kanga, na jioni mashemeji hao wawili walirudi weupe kwa vumbi, wakibishania kona moja mpaka chakula kikapoa.

Urafiki huo uliingia doa mwaka 2006, Marcelo alipomweka Hashimu, muuza vipuri wa hapa mjini, kwenye kiti kile, akisema shemeji yake anasoma vizuri ila akiona kundi la ng'ombe anaacha daftari na kuanza kuwasifia madume, jambo ambalo sisi ndugu zake hatuwezi kulikanusha, lakini lilimuuma kuliko alivyoonyesha, akahamia upande wa waamuzi, akawa mtunza saa.

Tarehe 14 Julai 2007, katika mbio za Kanda ya Ziwa, alipangwa kwenye kituo cha muda, wenyewe wanakiita TC, kando ya barabara inayotoka Mwamanyili, na kanuni ya hapo huwashangaza wengi, kwani anayechelewa dakika moja huongezewa sekunde kumi tu, bali anayewahi dakika moja huongezewa dakika nzima, kwa hiyo aliyewahi husubiri nyuma ya kibao cha njano mpaka dakika yake itimie. Siku hiyo Hashimu alikuwa ameweka saa yake kwa kufuata taarifa ya habari ya redioni badala ya saa ya waamuzi, iliyokuwa nyuma kwa dakika mbili, gari lao likakivuka kibao dakika mbili mapema, Masunga akaandika alichokiona, na Marcelo aliyekuwa anaongoza akalikosa kombe kwa sekunde arobaini.

Kuanzia hapo Marcelo hakukanyaga nyumba ya dada yake kwa miaka kumi na minane, Gloria akaolewa mwaka 2019 kiti cha mjomba kikiwa kitupu, Lucy akilia jikoni ili bibi harusi asimwone, na sisi wa ukoo tulimsema Marcelo kila tulipokutana, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mwezi Machi 2025 Masunga aligundulika kuwa na saratani ya ini, na ilipofika tarehe 27 Julai Lucy alikwenda mwenyewe kumleta kaka yake, ndipo mgonjwa akasema mbele yetu kwamba dakika alizoandika zilikuwa za kweli na asingezifuta hata leo, ila kanuni, ingawa inamkataza mtunza saa kumtajia dereva muda wake, haimkatazi kumwonyesha kibao kilipo, na asubuhi ile magari yote yaliyotangulia aliyaonyesha kwa mkono mahali pa kusubiri, ishara iliyowafanya wasimame na kuhakiki saa kwanza, lakini lilipotokea la Marcelo, kwa kinyongo cha kile kiti, aligeuza uso. Marcelo alijibu kwamba alimwona akigeuka, kwamba kombe alilisahau mwaka uleule, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akingoja kuambiwa neno hilo tu, kisha akamshika mkono akasema, "Wabeja, shemeji," yaani asante kwa Kisukuma.

Hakuondoka tena, alimnyoa, alimnywesha uji, na Nancy aliwasikia wakicheka chumbani kwa siku kumi na tatu, hadi Masunga alipofariki dunia tarehe 9 Agosti 2025, saa nne na dakika saba asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa gereji, na waamuzi wa mbio waliosafiri usiku kucha kuja kumzika. Tena ukoo wa Mayala unamwomba Marcelo radhi hadharani, kwa sababu tulimhukumu miaka kumi na minane bila kumuuliza hata mara moja alichokiona.

Masunga, agizo lako tumelitimiza, ungamo lako limesomwa mbele ya watu wote, na Marcelo amelisikiliza akiwa ameketi mkekani pamoja na ndugu zako. Pumzika kwa amani.