Fundi wa Lifti Aliyegoma Kuzima Taa ya Jikoni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza baba yetu, poleni kwa safari na asanteni kwa kuja. Kaka mkubwa alikuwa ameandika wasifu wake, ukurasa mmoja uliochapwa vizuri, na ndani yake marehemu ni mtu mpole, msikivu na mwenye maneno machache. Shangazi, dada yake marehemu, aliusoma mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Kwani tunamzika nani?" Ndiyo maana imebidi niandike huu mwingine, mimi kitinda mimba wake. Kaka amekubali shingo upande, kwa sharti kwamba tarehe ziwe sahihi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1947, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi babu yetu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alichelewa sana kutoka, hata mkunga akachoka kungoja na kwenda kwake kubadilisha nguo. Mkunga alipofika kwake tu, huku nyuma mtoto akazaliwa. Tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kufanya jambo lolote kwa sababu mtu anamngoja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955, ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1962. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Akiwa darasa la sita aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inatokea wapi, akashindwa kuirudisha, na shule nzima ikakaa darasani njaa inauma kwa sababu kengele ya chakula haikulia. Mwalimu mkuu alipomkuta juu ya ngazi, waya mdomoni, akamuuliza anafanya nini, alijibu, "Subiri kidogo, mwalimu." Viboko alipata, na jina la utani akapata. Wengi wenu hapa mnamjua kama Mzee Subiri Kidogo, na pengine jina lake halisi mmeliona leo kwa mara ya kwanza kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Mwaka 1967 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya umeme.

Januari 1968 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa tisa lenye lifti mbili, akakaa humo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2007. Makao yake yalikuwa chumba cha mashine juu kabisa, penye kelele na harufu ya grisi, na humo alikuwa na stuli, redio, birika na amani. Kazini hakuwa na mzaha. Vijana aliowafundisha wanaijua kanuni yake ya kwanza, maana aliwaimbisha kila asubuhi: umeme haukatwi mpaka mtu aliyemo ndani afikishwe ghorofani na mlango ufunguliwe. Hata bosi akipiga simu, hata moshi ukitoka, kwanza mtu afike. Kuna kijana aliyewahi kukata umeme mhasibu akiwa ndani, akamwacha ananing'inia katikati ya ghorofa. Marehemu hakumfukuza kazi. Alimfungia mle mle ndani ya lifti mpaka saa ya chai, ili aonje.

Lifti ndiyo iliyomletea mke. Mwaka 1971 mama yetu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ghorofa ya saba, na siku hiyo alikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Marehemu alishuka na bisibisi yake, akagonga mlango.

"Kuna mtu humo?"

"Sasa unadhani anayepiga kengele ni nani? Lifti yenyewe?"

"Subiri kidogo, dada."

"Nisubiri mara ngapi? Na hii taa ya humu mbona inapepesa? Wewe huko juu unafanya kazi gani?"

Alimgombeza bila kupumua mpaka mlango ukafunguka, akatoka na viatu mkononi, akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Kumbe ndiye wewe." Juma lililofuata lifti ilikwama tena, pale pale, naye yumo ndani peke yake. Marehemu alikana kuhusika hadi siku ya mwisho. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1972, wakajaliwa watoto wawili, Kaka na mimi.

Ndoa yao ilidumu zaidi ya miaka arobaini na sita, na sidhani kama kulikuwa na siku mama alikosa la kumwambia. Kesi kubwa ilikuwa taa ya jikoni. Mtu aliyetunza umeme wa ghorofa tisa alikuwa hawezi kukumbuka swichi moja ya nyumbani kwake. Kila siku kabla ya kulala mama aliuliza kutoka chumbani, "Bwana wewe, taa ya jikoni umezima?" Naye, hajazima, anajibu, "Subiri kidogo." Sisi tulilelewa kwa maneno hayo.

Mama alitutoka tarehe 19 Mei 2019. Msiba ule baba hakulia mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni, akanyamaza. Tuliomjua tuliogopa, maana mzee yule akinyamaza ujue kuna kitu kimekatika.

Sasa wengine hamjui kazi yangu. Mimi hutengeneza gemu za simu, zile za hadithi. Baba alikuwa akiwaeleza majirani, "Huyu mdogo anachezea simu ofisini, na bosi wake anajua." Mwaka uliofuata nilitengeneza gemu fupi kumhusu mama, unaimaliza kabla chai haijapoa. Wewe ni mume. Unaingia nyumbani, unatundika ovaroli, mama yuko kwenye jiko amekupa mgongo. Anakuuliza mambo, unachagua la kujibu. Kisha anakaa mezani kushona kifungo cha ovaroli yako, na nyumba nzima inakuwa giza isipokuwa jikoni. Hapo imebaki kugusa taa ili uizime. Ukiizima, gemu imekwisha.

Na pale mwisho niliweka kitu. Kwenye simu yangu nilikuwa na ujumbe wa sauti ambao mama alinitumia majuma machache kabla hajafa, na ndani yake, baada ya kunisalimu, alikuwa amemgeukia baba na kumwambia maneno. Ukizima taa, unaisikia sauti yake halisi. Watu nisiowajua waliicheza, wakaniandikia kwamba wamelia wakiwa wamepanga foleni benki. Lakini mimi niliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pekee aliyegoma kuimaliza.

Nilipomwekea kwenye simu yake, kwanza aliikagua kama anayepokea lifti mpya. Sufuria halina mpini. Jiko liko upande usio wake. Halafu akafika kwenye kasoro kubwa.

"Huyu si mama yenu."

"Kwa nini, Baba?"

"Nimekaa naye tangu asubuhi hajanigombeza hata kidogo. Huyu ni mgeni."

Ikabidi tukusanye magombezo. Kaka alileta yake, majirani wakaleta, Shangazi akasema nami nikaandika mpaka mkono ukauma. Baadhi yalikuwa makali mno, tukatazamana, ndipo tukagundua kuwa hayo hayakuwa ya mama hata chembe. Yalikuwa ya Shangazi mwenyewe, ameyaweka moyoni tangu utotoni, akaona hapa ndipo pa kuyatolea. Shangazi, usinikodolee macho, ni kweli. Niliyaingiza yote. Baba alipoambiwa na mama wa kwenye simu, "Unatembea na grisi zako kwenye sakafu niliyopiga deki, una akili wewe?", alicheka mpaka akakohoa. Hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

Tangu hapo simu ile ilikaa juu ya meza ya jikoni, imechomekwa kwenye chaji, mama anashona kifungo kisichokwisha na kumgombeza mara kwa mara. Baba anakunywa chai, anamjibu. Taa haigusi. Nilimsihi.

"Baba, mwisho kuna kitu nimekuwekea."

"Mwisho naujua. Nilikuwepo."

"Siyo ule. Kuna maneno ya..."

Akaniinulia kidole. "Usiniambie. Ukiniambia, nimeshafika mwisho."

Shingo yake mnaijua, chuma kina afadhali. Kaka naye, kwa nia njema, alimnunulia simu mpya yenye kioo kipana, maana ile ya zamani ilikuwa imepasuka na betri imevimba. Akamwekea na gemu. Lakini kwenye simu mpya gemu ilianza mwanzo, mama yuko kwenye jiko, amempa mgongo. Baba aliitazama kidogo, akairudisha kwenye boksi lake, akamkabidhi Kaka kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Huyu hajanizoea."

Mimi nilichekea chooni. Lakini moyoni niliumia, maana miaka ilikuwa inakwenda, baba anazeeka, na maneno ya mama yako umbali wa kidole kimoja, hayamfikii.

Aprili 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Aliwaeleza madaktari kwamba ni tatizo la mota, wabadilishe, wasipoteze muda. Alilazwa tarehe 6 Juni, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na kitu cha kwanza alichoulizia kilikuwa soketi. Soketi ya kitandani kwake ilikuwa mbovu. Akamwambia muuguzi amletee bisibisi, muuguzi akakataa, wakazozana hadi mgonjwa wa jirani akaomba ahamishwe.

Mchana wa tarehe 9, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta ameishika simu ya zamani kifuani. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana na betri ile ilikuwa haidumu tena. Nikamwambia nitatafuta soketi nyingine, akanishika mkono.

"Kanuni ya kwanza ya lifti ni ipi?"

"Baba, ngoja kwanza nichomeke..."

"Nimekuuliza."

"Umeme haukatwi mpaka mtu afikishwe ghorofani."

"Na mlango ufunguliwe." Alivuta pumzi. "Mama yako nimemning'iniza miaka mitatu. Yule kijana nilimfungia kwa kumning'iniza mhasibu saa moja tu. Mimi wa kunifungia yuko wapi?"

Alifuta kidole kwenye shuka, kama alivyokuwa akifanya kazini kabla ya kugusa swichi, akasema, "Haya, mke wangu, tunashuka." Kisha akagusa taa.

Kioo kikawa cheusi. Halafu, kwenye wodi ile iliyojaa watu na mabakuli ya uji, tukamsikia mama. "Basi mwanangu, Jumapili msichelewe." Sauti ikageuka, ikaenda mbali kidogo. "Bwana wewe, taa ya jikoni umezima?" Kimya. Mlio wa swichi. "Ee! Asante, mume wangu. Uzeeni ndiyo unapata akili."

Baba alilia. Alilia mbele ya muuguzi, mbele ya mgonjwa wa jirani, mbele ya wageni wa watu, na hakujificha. Nami nililia, na sioni aibu kuliandika hilo. Alipotulia alinipa simu, ikazimika mkononi mwangu, naye hakuigeukia.

"Umesikia? Kasema asante."

"Nimesikia, Baba."

"Mtu hataamini. Kaka yako hataamini. Uandike kwenye ule wasifu wangu, kwamba nilizima, na akasema asante."

"Wasifu gani, Baba? Utapona."

"Utaandika, au nimpe Shangazi yako?"

Nimeandika, Baba.

Marehemu alifariki tarehe 12 Juni 2023, asubuhi, baada ya kumwelekeza muuguzi namna ya kuirekebisha soketi. Madaktari na wauguzi tunawashukuru, na tunawaomba radhi. Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada mmoja aliyetua mzigo wake wa utotoni, mafundi wengi aliowafundisha, na lifti mbili ambazo mpaka jana zilikuwa zinapanda na kushuka.

Baba, umefika. Mlango uko wazi, shuka polepole, upumzike kwa amani. Na huko uendako, mama akikuuliza, usimwambie asubiri kidogo. Mwambie umezima, mashahidi tupo.