Mafuta ya Kurambwa

Dada yangu Peris alinisimulia haya mwaka wa hamsini na tatu, jioni ile aliyorudi Bungoma kutoka Kitale. Katika basi la kwenda, mbele yake alikaa Agneta wa Misikhu, amempakata mtoto aliyepakwa samli mpaka anang'aa. Ubavuni mwa Agneta, mwuza krimu mmoja aliziba pua.

"Mama, mtoto ananuka kama kibuyu cha maziwa! Mpake hii ya duka, awe mweupe."

"Ya duka nilimpaka mwezi jana, baba. Shavu likambambuka kama kiazi kilichochemshwa. Si uangalie?"

"Ati krimu ndiyo mbaya? Huo ni upele. Kondakta, huyu apelekwe nyuma!"

Agneta hakuinuka. Alichovya kidole katika chombo chake cha samli, akakiramba polepole. "Yangu naramba. Wewe ramba yako, nami nitahama."

Basi zima likamgeukia mwuzaji. Peris anasema hata kondakta alisahau nauli. Mwuzaji akafungua kopo, akalinusa, akalifunga. "Krimu si chakula, bana."

"Na huyu anayenyonya vidole, utamwambia hivyo?"

Mwuzaji akatazama dirishani. Agneta akampaka mwanawe upya, kutoka kisogoni hadi nyayoni, bila haraka, harufu ikajaa basi. Liliposimama Kitale, mtoto alikuwa ameshalala.