Ahera ya Zarmuni Kabla ya Saa Kumi

Benchi la saruji lililo mbele ya karakana ya meno ya bandia, mtaa wa nyuma ya Bab Jebli mjini Sfax, halikujengwa ili watu walikalie. Mafundi wa mabomba walifukia mtaro wao wakaacha kipande cha zege juu, na kabla zege halijakauka vizuri wenyewe wakawa wamekwishafika. Mpaka leo wenyewe ni watatu. Jenerali, ambaye jeshini alipika supu miaka ishirini na wala hajawahi kumwamuru hata paka. Fakruni, yaani Kobe, mstaafu wa posta, anayeongea taratibu mpaka kahawa ya msikilizaji inapoa. Na Klaksoni, yaani Honi, dereva wa teksi ya njano, ambaye huegesha gari pale kwa dakika tano, na dakika zenyewe huisha baada ya saa mbili. Jumamosi ile walikuwa wakibanja mbegu za alizeti na kubishana kama mvua ya juzi ilitosha mizeituni, mlango wa karakana ulipofunguliwa na Sihem, fundi wa hapo, akatoka mbio, vidole vyeupe kwa plasta ya kufinyangia meno, simu mkononi.

— Ameandika! Mundhir ameandika!

— Alhamdulillahi, — alisema Jenerali. — Sasa utaacha kutembea kama umemeza mwiko. Kaandika nini?

Sihem akasoma kwa sauti: «Nakuja saa kumi. Nataka kujua Kadhari yuko wapi.»

— Kadhari ndiye nani tena? — aliuliza Klaksoni.

— Ndiye yule niliyemuua.

Mbegu zikasimama midomoni.

Ikabidi Sihem akae awaeleze. Kwa miaka minne sasa, kila Jumamosi alasiri, yeye na wenzake hukutana katika chumba cha juu ya karakana, wakazunguka meza yenye ramani, penseli na dadu, wakacheza mchezo wa kubuni. Yeye ndiye msimulizi. Dunia ya mchezo inaitwa Zarmuni, na kila kilichomo kakitunga mwenyewe, majoka na milima pamoja. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya dunia hiyo. Anamsemea, anampigania, na mambo yakiwa magumu dadu ndiyo inayoamua. Mundhir aliingia mchezoni majira ya kuchipua, akaja na mpiga mishale anayeitwa Kadhari. Wiki tatu zilizopita, kwenye Daraja la Chumvi, Sihem alirusha dadu kwa niaba ya jitu la chini ya daraja. Dadu ina pande ishirini. Ikatoka ishirini, pigo la kuua.

— Ungeifunika kwa mkono, — alisema Klaksoni. — Ukasema tatu.

— Mezani tulikuwa watu watano, ami Klaksoni. Wote waliiona. Mundhir akafunga daftari lake, akasema «sawa», akashuka ngazi. Hajaonekana tena. Simu hapokei.

— Mwanamume mzima ananunia dadu? — Jenerali alicheka. — Haya basi, dunia imekwisha.

— Usicheke, ami. Jana ndiyo nimepata habari kutoka kwa binamu yake. Mundhir alikuwa na kaka yake, Anis. Alifariki mwezi wa pili, maradhi ya damu. Na Kadhari, kumbe, alikuwa Anis. Kule kuchechemea kwake, kule kupiga mluzi kabla ya kuingia popote, hata kule kuchambua vitunguu kwenye chakula na kuviweka pembeni. Sisi tulikuwa tukicheka tu, tukidhani ni ubunifu.

Jenerali hakucheka tena. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

Sihem mwenyewe hakujua ashike lipi. Tangu ule ujumbe uingie, kifua kilikuwa kimefunguka kama dirisha lililokwama mwaka mzima. Mundhir yu hai, mzima, anakuja, na hajamchukia mpaka mwisho. Lakini ilikuwa imekwisha kugonga saa tisa na dakika tano, na swali lenyewe hakuwa na jibu lake.

— Nimeandika kila kitu cha Zarmuni, — alisema. — Nimeandika pepo za majira yote. Nimeandika ugonjwa wa kwato za farasi. Mapishi ya mbilikimo nimeyaandika kurasa kumi na mbili! Wafu sikuwaandikia hata mstari mmoja. Wanakwenda wapi? Sijui. Nina dakika hamsini na tano za kujenga ahera.

— Astaghfirullah, — alisema Fakruni, polepole, neno kwa neno. — Ahera… ina… mwenyewe, binti yangu.

— Ya kweli ina mwenyewe, ami Fakruni. Hii ni ya karatasi. Ni dunia ambayo mijusi inaruka na kutema moto.

Fakruni akafikiri. — Kama… mijusi… inaruka, — alisema, — basi… sawa.

— Lakini kwa nini ahera? — Klaksoni aliingilia. — Mfufue jamaa, yaishe! Wewe si ndiye mwenye dunia? Andika: «Kadhari akapiga chafya, akaamka.» Hadithi imekwisha, tunywe kahawa.

— Nimeliwaza hilo. Nikimfufua bure, kesho hakuna atakayeogopa kitu. Mtu atajirusha kutoka mnarani kwa sababu kachoka kushuka ngazi. Michezo mingine ina hekalu, unakwenda unamnunua maiti wako kama unavyonunua kuku. Sitaki. Na Mundhir akisikia kwamba kumbe mtu hurudi kirahisi hivyo… yeye ambaye wake hakurudi?

Klaksoni akanyamaza, jambo ambalo mtaani pale lingefaa kuandikwa gazetini. Halikudumu.

— Basi mimi nakupa ahera, — alisema Jenerali, akijiweka sawa. — Andika. Ahera ni kambi. Unafika, unapewa kikombe na kijiko. Mnapanga foleni mbele ya sufuria moja, kubwa kuliko msikiti. Mpishi ndiye hakimu. Uliyekuwa mwema, anazamisha upawa mpaka chini, kule kwenye nyama na njegere. Uliyekuwa mbaya, anakuchotea juu juu, maji ya moto na punje moja ya karafuu. Milele! Kila siku! Na unamwona mwenzako anatafuna.

— Yaani Mungu wa Zarmuni ni wewe, — alisema Klaksoni.

— Sikusema hivyo.

— Umesema mpishi!

— Nimesema mpishi. Kama kofia umeiona inanitosha, ni juu yako.

Sihem aliandika «upawa» kwenye kiganja, kwa sababu karatasi aliiacha ndani. Alikuwa akicheka bila kupenda, na kicheko chenyewe kilimtoka kikiwa kimechanganyika na kitu kingine, mpaka akajipangusa macho kwa mkono wa plasta na kujipaka weupe shavuni.

— Hapana, hapana, — Fakruni alitikisa kichwa. — Wafu… ni barua.

— Tumekwisha, — alinong'ona Klaksoni. — Huyu akianza posta tutafika Idi.

— Wafu ni barua. Kila mmoja… ana anwani. Unafika ukumbini, kuna madirisha. Wanakupiga muhuri. Wanakupeleka unakotakiwa. Na yule ambaye anwani yake haisomeki… — Fakruni aliinua kidole, akakiacha hewani muda mrefu, — …anarudishwa kwa mtumaji.

— Kwa nani?

— Kwa mama yake. Anazaliwa upya.

— Kwa hiyo anayetaka kurudi duniani aandike vibaya? — Jenerali aliuliza. — Madaktari wote wangekuwa hawafi!

Benchi zima likaangua kicheko, pamoja na mhudumu wa mkahawa aliyekuwa akivuka barabara na sinia. Klaksoni alisubiri kitulie, akasimama kabisa, kwa sababu mambo makubwa hawezi kuyasema akiwa amekaa.

— Nyote mmechemka. Nisikilizeni mimi ninayebeba watu wa kila aina. Wafu hawaendi popote. Wamekaa palepale juu, wameizunguka meza kama nyinyi, na wao ndio wanaorusha dadu. Mvua ni wao. Taa nyekundu inayokushika ukiwa na haraka, ni wao. Ile ishirini yako, Sihem, ni maiti mmoja alikuwa anapiga miayo, dadu ikamponyoka! Na hao wafu nao, juu yao kuna wafu wengine wanaowarushia wao, na juu ya hao wengine, mpaka—

— Mpaka wapi? — aliuliza Jenerali.

— Mpaka juu!

— Juu wapi?

— Wewe nawe! Juu ni juu!

— Salaam, — ilisema sauti nyuma ya teksi.

Alikuwa Mundhir. Amekuja kwa miguu, nusu saa kabla ya wakati, amekonda kidogo, na mkononi ana mfuko wa karatasi uliolowa mafuta ya maandazi. Sihem alisimama, maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakatawanyika kama mbegu za alizeti chini ya benchi.

— Mundhir. Nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua kuhusu Anis.

— Ungejuaje? Sikumwambia mtu. — Alimpa mfuko. — Mimi ndiye wa kuomba samahani. Simu nilikuwa naiona inalia, naiacha.

— Nilidhani umenichukia.

— Wewe? Nililia kwenye ngazi zenu, Sihem. Mtu wa miaka thelathini, nalilia mtu wa penseli. Nikasema nitarudi vipi pale, wanitazame usoni? Siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu zaidi ya jana.

— Ni hilo tu?

— Ni hilo tu.

Sihem aliketi kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa kamba. Wiki tatu za kutolala, na kumbe ilikuwa aibu, si chuki. Akacheka, akamwita kwa jina la mnyama ambalo halifai kuandikwa hapa, naye Mundhir akacheka pia, mara ya kwanza.

Wazee wakamsogezea nafasi. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na subira, wakamwagia ahera zote tatu kwa mpigo: sufuria, madirisha ya posta, wafu wanaopiga miayo. Mundhir alisikiliza akila andazi, akatikisa kichwa, akasema ile ya supu Anis angeipenda, mradi isiwe na vitunguu. Halafu akajipangusa sukari vidoleni, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza basi linapita saa ngapi:

— Huko aliko Kadhari, kuna mtu anayemjua?

Klaksoni akatazama teksi yake kana kwamba imemwita.

— Sijui, — alisema Sihem. — Watu wote anaowajua Kadhari ni sisi wa pale mezani. Na sisi wote tuko hai.

— Anis aliniuliza hivyohivyo hospitalini, — alisema Mundhir. — Usiku wa— hapana, asubuhi, walikuwa wanapitisha chai. Akaniuliza, huko nitamjua nani? Nikamwambia, babu yupo. Akasema, babu alikufa mimi nikiwa na miaka miwili, simkumbuki hata sura. Nikamfungia vifungo vya pajama. Basi.

Mhudumu alileta kahawa; hakuna aliyeigusa. Fakruni alikuwa akiitazama barabara. Wakadhani hakusikia, maana masikio nayo yana umri wake.

— Lakini babu… — alisema mwishowe, — …anamkumbuka yeye.

Mundhir aligeuka.

— Mtoto wa miaka miwili… hakumbuki. Ni kweli. Mzee aliyembeba… anakumbuka kila kitu. Mimi nina wajukuu. Nakumbuka mpaka… harufu ya vichwa vyao. — Akainua kikombe chake. — Mbona mnanitazama? Nimesema kosa?

Mundhir aliinama, viwiko magotini, mabega yakapanda na kushuka mara moja, mara mbili. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na haukuwa uso ule aliokuja nao. Jenerali alimpa leso yake, iliyonukia bizari. Klaksoni akaugonga mgongo wake polepole, bila neno, mpaka Mundhir mwenyewe akasema inatosha, ami, unaniumiza.

Saa kumi Sihem alikuwa juu, mezani, wenzao watatu wamekwishafika na kumkumbatia Mundhir bila kumuuliza chochote. Dirisha liko wazi. Chini Jenerali alisikika akidai kwamba hata babu lazima apange foleni ya supu. Sihem hakufungua daftari lake; halikuwa na kitu.

— Kadhari anafumbua macho, — alianza. — Yuko ufukweni, mchanga ni wa chumvi. Mguu haumuumi. Hamjui mtu yeyote pale. Anataka kupiga mluzi, anasita. Halafu anamwona mzee anakuja akikimbia, anakimbia kama wazee wanavyokimbia, kiatu kimoja kimemtoka. Amekuja hapo kila siku, hakuwahi kukosa. Anamshika Kadhari mashavu kwa mikono miwili. Anamwambia: «Tazama ulivyokua! Nilikuacha hujajua hata kukimbia sawasawa.»

Mundhir alikuwa ameweka kiganja juu ya ramani, pale kwenye daraja.

— Huyo mzee ana jina? — aliuliza.

— Mpe wewe.

Mundhir akafungua daftari lake ukurasa wa Kadhari, akaandika chini kabisa jina la baba wa baba yake, kwa herufi kubwa, taratibu. Akapuliza wino ukauke. Kisha akafungua ukurasa mpya, wa mtu mwingine, akanyoosha mkono, akaomba dadu.