Abiria Wote Kiti Namba Moja

Kijiwe chetu kilikuwa mtaa wa Gerezani, kwenye kona ya maduka ya spea: benchi la mbao mbele ya ofisi ya mabasi ya Lalit. Soko huria lilikuwa limeshaingia, vyama vimekuwa vingi, na hatukukosa cha kubishania. Mwinyimvua, mstaafu wa reli, tulimwita Azimio, maana kila kilichoharibika Bongo alisema kimeharibika tangu tulipoliacha Azimio. Augustino, mtu wa Masasi aliyeuza mitumba, alikuwa Soko Huria. Zahoro aliuza gia boksi za magari makuukuu, basi tukamwita Gia. Mimi fundi saa. Kazi yangu pale ilikuwa kunywa kahawa na kusikiliza.

Asubuhi hiyo basi la Masasi lilikuwa linanguruma na haliondoki. Tiketi zote zilizotoka kwenye kompyuta ya Lalit zilisema kiti namba moja. Abiria walikuwa wamesongamana nyuma ya dereva, kila mmoja na haki yake mkononi. Kondakta alitaka kuwapangia viti kwa mdomo, lakini Lalit alikuwa ameshawatangazia watu kwamba kwake hakuna tena mambo ya mdomo na kalamu. Na wakati ulikuwa unakwenda. Basi likichelewa pantoni ya Rufiji, watu wanalala kandoni mwa mto na mbu.

Mmoja wa abiria hao, Benedikta wa Buguruni, alichoka kusukumana akaja kuketi kwenye benchi letu. Alimwamkia Azimio, akaitikiwa marahaba, akatuambia anaenda kumuuguza mama yake na kwamba salamu za mwisho hazikuwa nzuri. Tukampa pole. Halafu, kama ilivyo desturi ya kijiwe, tukaacha shida yake tukashika kompyuta.

Habari tulikuwa nazo. Komal, binti mpwa wa Lalit, ndiye aliyekuwa akitengeneza programu ghorofani, na wiki ile alikuwa ameingiza kompaila mpya. Gia alituelezea kwamba kompaila ni mkalimani: Komal anaandika maneno yake, mkalimani anayageuza yawe lugha ya mashine. Sasa wakalimani walikuwa wawili ndani ya kompyuta moja, wa zamani na mpya.

— Ndiyo hayo, alisema Azimio. Mlitaka vyama vingi, sasa mpaka kompyuta ina upinzani. Enzi zetu mkalimani angekuwa mmoja, na kiti kingekuwa kimoja.

— Kiti ndiyo hicho kimoja, mzee, Gia alimjibu.

Soko Huria hakukubali. Alisema tatizo si wakalimani kuwa wengi, ni kuwa wachache. Waje kumi, washindane, anayekosea afunge duka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa gani? Azimio aliuliza.

— Wa kwenye kompyuta. Unafikiri zile kelele zinazotoka ghorofani ni za nini?

Gia akaona wenzake hawajui mashine. Alisema kompyuta imekwama gia namba moja. Dawa yake ni kumwaga oili yote, kwani asiyeziba ufa atajenga ukuta. Azimio akasema hapana, mashine ile imeletwa na wazungu wanaotudai ili Mtanzania azoee kugombania kiti cha mbele. Soko Huria akaenda mbali zaidi: mkalimani wa zamani amemroga mpya. Amefanya kazi miaka, hajasifiwa, halafu analetewa mwenzake mwenye rangi nzuri. Wewe ungefanyaje?

Benedikta aliwasikiliza huku akilitazama basi. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga, na nikajisikia vibaya kwa kahawa niliyoishika.

Ndipo Komal akashuka ngazi, macho mekundu, mjomba wake nyuma yake. Hakuwa na muda wa nadharia zetu, ila Gia alipomuuliza alitujibu kwa upole. Mkalimani mpya alikuwa mzima, na wa zamani mzima. Lakini kila mmoja ana kamusi yake. Yeye alibadilisha mkalimani akasahau kubadilisha maelekezo yanayoionyesha kompyuta kamusi ilipo. Kwa hiyo mpya alikuwa akifasiri kwa kamusi ya zamani, na namba zote za viti zikasomeka vibaya.

— Nimewatenganisha, alisema. Kila mmoja na chumba chake, na kamusi yake humo humo. Ninapoanza kazi naiambia kompyuta leo tuko na nani. Tiketi nimezirudisha kwa yule wa zamani. Zinachapishwa.

Zilichapishwa kweli, kwa kelele za printa zilizosikika mpaka barabarani. Kondakta aligawa tiketi mpya, watu wakatawanyika kwenye viti vyao, wengine kwa aibu ya maneno waliyokwisha kutamka. Azimio alisema wakalimani kupewa vyumba ndiyo Ujamaa wenyewe. Soko Huria alisema ni ubinafsishaji. Lalit, roho imeshatulia, aliagiza kahawa kwa wote.

Benedikta alipokea tiketi yake, akaisoma mara mbili. Akamgeukia Komal.

— Dada, huyo mkalimani mpya ulimleta kwa ajili ya tiketi?

Komal alisema hapana, alimleta kwa kazi ya duka la dawa la mtaa wa pili, ambalo wenyewe walitaka programu ya kisasa. Mjomba wake aliposikia, akataka na tiketi zake zipitie huko huko.

— Na zile tiketi za zamani, zilikuwa na kasoro gani?

Komal akamwangalia Lalit. Lalit alikiangalia kikombe. Azimio, Soko Huria na Gia walikuwa ghafla na shughuli kwenye kashata zao.

Dereva akapiga honi. Benedikta hakungoja jibu. Alijifunga kanga vizuri, akapanda, akaketi dirishani, na basi likashika njia ya kusini.