Wasifu wa Tone, Aliyeitunza Rangi ya Stesheni

Marehemu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Tone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni. Baba yetu alikuwa mpiga ishara za treni, mama alishona sare. Walijaliwa watoto wawili, na mimi ninayesoma ndiye mkubwa. Mdogo wangu alinipita kwa kila kitu isipokuwa umri.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1958 hadi 1965. Mwalimu wa hesabu alimkamata akichora mabehewa wakati wa somo, na badala ya kumchapa akampa chaki za rangi. Walimu wa namna hiyo wameisha, na shule yenyewe sasa ni ghala la matairi. Nafasi ya sekondari hakuipata.

Januari 1970 aliajiriwa katika karakana ya modeli iliyokuwa chini ya ofisi ya wachoraji wa majengo. Enzi hizo daraja au hospitali haikujengwa kabla ya kutengenezwa kwanza kwa mbao na kadi, ndogo ya kutosha kukaa mezani, wakubwa wakaizunguka wakibishana. Marehemu aliwekwa kwenye rangi. Msimamizi alimkabidhi bastola ya kupulizia, nyembamba kama kalamu, akamwambia rangi ikiwa nzito itaziba tundu, ikiwa nyepesi itatiririka ukutani kama machozi. Kati ya hapo na hapo atafute mwenyewe.

Alitafuta. Alizimua rangi kwenye kikombe hadi ikawa kama maziwa, kisha akadondosha tone kwenye ukuta wa kikombe na kulitazama likiteleza. Likiacha utando mwembamba, alipuliza. Lisipoacha, alianza upya. Wenzake walisimama wakimsubiri.

"Bwana, tone limefika wapi? Twende tukale turudi?"

"Nendeni. Mkirudi litakuwa bado linateremka."

Jina likamganda hapo.

Alikuwa na masharti ambayo hata mkewe aliyajua kwa moyo. Rangi ya akiba haizimuliwi, ikae nzito kama ilivyo, ndani ya chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi. Mdomo wa chupa ufutwe kabla ya kufungwa. Chupa iwekwe kichwa chini, kabatini, gizani. Cha kupuliza asubuhi hiyo kimiminwe kando, kikombeni, kizimuliwe humo humo, na kinachobaki kisirudishwe kamwe.

Mkewe alimpata kupitia kazi hiyo hiyo. Shemeji yangu aliuza katika duka la nguo, na Marehemu alikuwa akinunua kwake soksi nyembamba za kike, kila mara jozi mpya.

"Samahani kaka, huyo mkeo soksi anazila?"

"Sina mke, dada. Nachujia rangi."

"Haya. Hilo ndiyo kwanza nalisikia kwako."

Kesho yake alirudi na kipande cha soksi chenye madoa ya bluu, akakiweka kaunta kama ushahidi mahakamani. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakapata binti na mwana.

Mwaka 1986 stesheni ilivunjwa. Walioamua hawakuwa wamewahi kumsubiri mtu pale. Marehemu alikwenda kwenye kifusi akaokota kipande cha lipu chenye rangi ya ukuta, akakitia ndani ya kibiriti. Mwaka 1998 karakana nayo ikafungwa. Vijana walikuja na kompyuta, na jengo likaanza kuzungushwa kwenye kioo kwa kidole. Halina uzito wala kivuli. Marehemu alikabidhiwa cheti na saa ya ukutani, akaenda nyumbani, akaanza kuijenga stesheni yetu kwenye chumba cha uani.

Ilimchukua miaka. Madirisha yalifunguka, na mabati ya paa aliyakunja moja moja. Alitaka kitu kimoja tu: watoto waliozaliwa baada ya 1986 waione stesheni kama ilivyokuwa, kwa rangi yake. Picha zilizobaki zote ni nyeusi na nyeupe. Mkuu wa maktaba ya mji aliahidi kuiweka mlangoni ikikamilika. Rangi yenyewe Marehemu aliichanganya mwaka 2009, akiilinganisha na kile kipande cha lipu hadi akaridhika. Akajaza chupa moja kubwa, akailaza kabatini. Lipu ile iliendelea kumomonyoka ndani ya kibiriti mpaka ikawa vumbi, naye hakujali. Rangi ilikuwa chupani.

Ugonjwa wa mapafu ulianza mwaka 2021. Daktari alimuuliza amevuta sigara kwa muda gani.

"Sijawahi, daktari."

"Sasa mzee, umevuta nini?"

"Njano. Na kijani kidogo."

Daktari alicheka. Sisi tulicheka mpaka tulipofika nje. Baadaye mikono ilianza kutetemeka, macho yakaingia ukungu, na pua ikafa kabisa. Kwa kazi yake, pua ndiyo ilikuwa msiba. Vizimulio viwili alivyotumia, mchanganyiko wa maji na spiriti kwa rangi za maji, na thina kali ya rangi za magari, vyote ni vyeupe kama maji, navyo alivitia kwenye chupa zozote zilizopatikana. Maisha yake yote alivitambua kwa kunusa.

Agosti mwaka jana modeli ilikuwa imekamilika, imepakwa praima nyeupe, inangoja rangi tu. Marehemu alijua asubuhi za nguvu zimebaki chache. Akaamua kuvunja sharti lake: aizimue rangi yote kwa mara moja, ndani ya chupa ile kubwa, kisha aigawe kwenye vichupa ili mkewe awe anamjazia tu bastola. Akamimina. Alimimina thina ya magari kwenye rangi ya maji.

Ikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Ute ukaelea juu, mabonge meupe katikati, unga wa njano na wa kahawia ukashuka chini, kila kimoja peke yake.  Shemeji anasema alikaa kwenye kigoda, akaendelea kukoroga.

Baada ya wiki kadhaa alijaribu kuchanganya upya. Binti yake alisimama naye mezani.

"Ndiyo hii, mama?" alimuuliza, kwa maana binti huyo alipewa jina la mama yetu.

"Baba, hiyo ni kijani."

"Kijani?"

"Kijani, baba."

Aliosha kikombe, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Hakuingia tena chumba kile. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mkewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Modeli iko chumbani, nyeupe tupu. Maktaba wamesema hawawezi kuweka mlangoni kitu kisichokamilika. Nimewazungukia wazee waliobaki wa reli, nikawauliza ukuta ule ulikuwa na rangi gani. Mmoja akasema krimu. Mwingine akasema rangi ya udongo. Wa tatu aliapa kuwa ulikuwa wa waridi. Mimi niliyezaliwa chini ya ukuta huo, nikifumba macho naona majengo mengine. Aliyeijua ndiye huyu tunayemshusha sasa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wakwe wawili, wajukuu watano ambao hawakuiona stesheni, na kaka mmoja.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe usingizi usio na kikohozi, na amani ambayo huku hakuipata.