Mbeyu wa Magogoni, Aliyewatia Wakorea Adabu ya Kiswahili

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo nyote, mlioko Kisauni, mlioko Likoni, mlioko Changamwe. Mimi ni Agneta. Leo nimeingia studioni na hasira, na sina nia ya kuificha.

Bi Josephine Mbeyu Mwarandu wa Magogoni amefariki. Amefariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Amezikwa Jumamosi kwao Kaloleni. Wengi wenu hamkumwona hata siku moja, lakini sauti yake mnaijua. Ni yule mama aliyetupigia simu kila Alhamisi asubuhi kutusimulia tamthilia za Kikorea. Naam, ndiye huyo.

Mbeyu alikuwa dobi. Miaka ishirini na miwili alipiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, kule Bamburi. Miaka ishirini na miwili, kwa miguu miwili, amesimama. Mwisho magoti yakakataa, akarudi nyumbani kuketi. Bintiye Rosalia akamnunulia televisheni.

"Nilidhani atatazama ibada," Rosalia aliniambia. "Narudi kazini namkuta analia. Nauliza, mama, nani kafa? Ananiambia, mwanangu, hakuna aliyekufa, huyu msichana kafukuzwa na mavyaa wake."

Basi akaanza kutupigia. Mara ya kwanza alinisalimu vizuri, akaniuliza watu wa nyumbani hali zao, kisha akasema hivi: "Mwanangu Agneta, hawa Wakorea ni watu wa kwetu. Mtoto hampi mtu mzima kitu kwa mkono mmoja. Kijana akinywa mbele ya mkubwa wake, anageuza uso. Tofauti yetu ni wali tu. Wao wali wao unagandana."

Msidhani alikuwa wa kusifu tu. Ugomvi nao alikuwa nao, tena mkubwa. "Yule tajiri anamkamata msichana wa watu mkono, anamburura mpaka nje, halafu muziki unapigwa. Mapenzi gani hayo? Marehemu mume wangu angenishika vile, angelala jikoni." Na kilio chao hakukiamini hata kidogo. "Kalia kutwa nzima, kamasi hata tone! Huyo analia au anaoshwa uso?" Tulicheka, jamani. Simu zilijaa mpaka zikatushinda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Tamthilia zile hutiwa sauti za Kiswahili huko Nairobi. Wanaozitia ni kampuni moja, jina silitaji, wenyewe wanajijua. Siku moja, miaka miwili iliyopita, Mbeyu alipiga simu kabla hata sijavaa visikizio. Alikuwa anahema. "Agneta! Jemadari mzima, ndevu na upanga! Mfalme anamwita, naye anaitika 'abee'!"

Fundi wangu wa mitambo alicheka mpaka machozi. Kwa ndugu zetu wa bara, nieleze hivi: abee ni itikio la mwanamke. Mwanamume huitika naam. Yule jemadari alikwenda vitani akiwa bibi harusi.

Haikuwa hiyo peke yake. Bibi kizee alimwamkia mjukuu wake shikamoo. Kisha likaja lililomuuma zaidi. Mkaza mwana kapiga magoti mbele ya mavyaa wake, mama wa mumewe, kainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na sauti waliyomtia ikamsalimu kwa maneno ya vijana wa mtaani, "Sasa, mathe!" Mbeyu hakucheka hapo. Alisema, "Mtoto wa watu wamemtukania mavyaa wake, na mwenyewe hana habari. Na wajukuu zangu wanajifunzia papo hapo."

Akanunua daftari. Likaisha, akanunua jingine. Yakawa matatu. Aliandika siku, aliyesema, alichosema, na kilicho sahihi. Nimeyaona madaftari hayo kwa macho yangu, wasikilizaji. Hati nzuri, mistari imenyooka, hakuna palipofutwa.

Akaipigia ile kampuni. Akapiga, akapiga, mpaka wakamtuma mtu Magogoni, kijana mmoja jina lake Phineas. Mbeyu akamkaribisha kwa chai na mahamri. Phineas akala, akashiba, akayapokea madaftari matatu. Aliyapokea kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, na Mbeyu aliliona hilo. Kijana akamwahidi hivi: "Mama, jina lako tutaliandika mwisho wa tamthilia." Hakuna kilichotiwa sahihi. Lakini mtu kala kwako, kanywa kwako, kakuita mama. Kwa watu wa Magogoni hiyo ni ahadi.

Miezi minne ikapita. Siku hiyo jemadari akaitwa, akaitika, "Naam, mtukufu!" Mkaza mwana akainama, akasema, "Shikamoo mama." Na mavyaa akajibu, "Marahaba mwanangu, inuka." Rosalia anasema mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kisha Mbeyu akangoja majina. Mnajua yale majina yanavyopita mbio, jicho haliyawahi. Akamwambia Rosalia ayapige picha kwa simu, kisha wayasome moja moja. Wakasoma waliotia sauti. Wakasoma waliorekodi. Hata aliyewapikia chakula yumo, na heko kwake. Mbeyu hayumo. Akasema labda kesho. Kesho hayumo. Miezi sita, kila siku, mama mwenye magoti mabovu anasogeza kiti karibu na kioo, atafute jina lake. Hayumo.

Alipowapigia, Phineas alimjibu nini? "Mama, lugha ni ya watu wote."

Ebo! Lugha ni ya watu wote? Kama ni ya wote, mbona ninyi hamkuwa nayo mpaka mlipokwenda kuichukua Magogoni? Maji ya kisima ni ya wote, lakini aliyekichimba anajulikana. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, kwa lugha ya kwao, na tuzo wakapewa watu wasiojua tofauti ya abee na naam. Huu ni wizi. Sina neno jingine, na hata kama ninalo silitaki.

Lakini subirini. Msinipigie makofi bado.

Mwezi Machi mwaka huu, siku ya Alhamisi, Mbeyu alipiga simu tukiwa hewani. Akasema, "Mwanangu, leo sina hadithi. Leo nina dai langu, naomba unisaidie kulisema." Akaanza. Alipofika kwenye jina la kampuni, mkubwa wangu wa kazi akanipungia mkono nimkate, kwa sababu kampuni hiyo hutuletea matangazo. Nami nikasema, "Loo, samahani wasikilizaji, laini imekatika."

Haikukatika. Nilimkata mimi.

Hakupiga tena. Kila Alhamisi nilikuwa nikijiambia wiki hii nitakwenda kumwona. Magogoni na hapa studioni ni mwendo mfupi tu. Sikwenda. Nilikwenda Jumatano iliyopita, kwenye matanga. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, basi msinipe pole.

Rosalia hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinipa chai, akaingia ndani, akatoka na daftari la nne. Sikujua kama lipo. Akanifungulia ukurasa wa Machi. Mbeyu aliandika hivi, na nasoma kama alivyoandika: "Alhamisi. Agneta kasema: Laini imekatika. Sahihi: Nimekukata, mama, niwie radhi."

Wasikilizaji wapendwa, nilililia daftari lile mbele za watu, na mimi kamasi zilinitoka.

Nimekukata, mama. Niwie radhi.

Kwako Rosalia, kwa wajukuu, kwa ukoo mzima wa Mwarandu, na kwa majirani wote wa Magogoni, poleni sana. Mungu awape subira, na mama yetu ampumzishe pema. Na ninyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Leo mkimaliza kutazama mnachokitazama, msikimbilie kuzima. Yasomeni majina. Kisha kila mtu ajiulize, katika kazi yake mwenyewe, ni nani aliyefanya na hakutajwa. Nanyi mlioyachukua madaftari matatu, yarudisheni kwa bintiye, kwa mikono miwili.

Tamthilia ile ya jemadari inaisha wiki ijayo. Majina yatapita mbio kama kawaida, na lake halitakuwamo. Kwa hiyo nalisoma hapa, polepole, kila mtu alisikie. Kiswahili cha tamthilia hii kimesahihishwa na Josephine Mbeyu Mwarandu, dobi, wa Magogoni.